Geji Mbili za Injini ya Mvuke ya Kale: Kuzifufua, Kuzipima na Kuwasha Moto

Injini ya mvuke ya kale yenye silinda iliyochakaa na beringi zinazogonga itakwenda. Itapiga kelele, itavuja mvuke kila upande, lakini itakwenda. Isiyofaa kuwashwa hata kwa dakika moja ni ile ambayo mwendeshaji wake hajui maji yako kimo gani ndani ya boila, wala presha imefika wapi. Ndiyo maana kazi ya kuifufua inaanzia kwenye geji, hata kama macho yako yanavutwa na flaiwili, lile gurudumu kubwa zito. Na kati ya geji mbili, ya maji ndiyo kubwa. Presha ikizidi, valvu ya usalama itafunguka. Maji yakiisha, kilichobaki ni plagi ya risasi, kizibo kinachoyeyuka maji yakikosekana, kwenye paa la sanduku la moto, na ikiyeyuka ujue umeshachelewa.

Mfano wetu ni injini ya kukokotwa kwa ng'ombe au farasi, kama zilivyotengenezwa na Marshall wa Gainsborough au Ransomes wa Ipswich, Uingereza: boila yenye mirija ya moshi kama ya garimoshi, silinda moja juu ya mgongo wake, presha ya kazi paundi 100 kwa inchi ya mraba, yaani baa 6.9. Kanuni hazibadiliki kwa mashine kubwa zaidi. Injini ya reli ya aina ya Garratt, namba 5918 "Mount Gelai", iliyojengwa na Beyer, Peacock wa Manchester mwaka 1955 na sasa iko Makumbusho ya Reli Nairobi, ilifanya kazi kwa paundi 225, lakini ndani ya geji yake ya presha kuna mrija uleule uliopinda.

Kabla ya kushika spana

Pakingi nyeupe au ya kijivu yenye nyuzinyuzi kwenye koki za zamani, gasketi za zamani na lile koti la nje la boila huenda ni asbestosi. Usikwangue ikiwa kavu, usipulize kwa hewa, usipige msasa. Ilowanishe kwa maji yenye sabuni kidogo, itoe ikiwa nzima kadiri inavyowezekana, ifunge kwenye mifuko miwili ya plastiki, na uvae barakoa ya chujio la vumbi laini, kitambaa hakitoshi. Koti zima la boila waachie wenye kibali cha kuondoa asbestosi. Rangi ya zamani nayo kwa kawaida ina risasi, kwa hiyo ilowanishe kwa maji kabla ya kuikwangua. Na geji yoyote ambayo namba zake zimepakwa rangi iliyotengenezwa kung'aa gizani isifunguliwe kabla haijapimwa mionzi, kwa sababu baadhi ya rangi hizo zilikuwa na radiamu. Radiamu hubaki na mionzi hata baada ya mng'ao wake kufa.

Jambo jingine ni sheria. Kenya ina Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, Tanzania ina ya 2003, na zote mbili zinataka boila ikaguliwe na mtu aliyeidhinishwa. Mwite mkaguzi mapema, kabla hujapaka rangi. Mkaguzi anayeitwa baada ya rangi huikwangua.

Geji ya presha: kilichomo ndani

Mfaransa Eugène Bourdon alisajili geji hii mwaka 1849, na tangu hapo haijabadilika sana. Kuna mrija wa shaba au bronzi uliobanwa ukawa bapa, kisha ukapindwa kama herufi C. Ncha moja imelehemiwa kwenye shina linalopokea presha, nyingine imezibwa na iko huru. Presha ikiingia, mrija hujaribu kuwa wa duara, na kwa kufanya hivyo hujinyoosha kidogo. Ncha iliyo huru husogea milimita chache tu. Kijiti kinachoitwa kiungo hupeleka mwendo huo kwenye gia ya upinde, gia ya upinde huzungusha kigia kidogo, na kigia ndicho kilichobeba mshale. Kispringi chembamba kama unywele kimezungushwa kwenye mhimili wa kigia. Hakibebi presha yoyote. Kazi yake ni kuyabana meno upande mmoja ili mshale usicheze.

Mrija huo haupendi joto. Mvuke wa paundi 100 una nyuzi joto 170 za Selsiasi, na ukiingia moja kwa moja hulegeza unyumbufu wa shaba na kudhoofisha lehemu. Ndiyo sababu kati ya boila na geji kuna bomba lenye kitanzi, na ndani ya kitanzi hicho hukaa maji. Mvuke husukuma maji, maji husukuma mrija. Ukikuta injini ambayo geji yake imefungwa moja kwa moja juu ya boila bila kitanzi, hesabu kwamba geji hiyo imeshaungua mpaka vipimo vithibitishe vinginevyo.

Kuifungua

Piga picha kwanza, ya mbele na ya kila hatua. Andika mshale unasimama wapi geji ikiwa mezani bila presha. Tazama pia kile kipini kidogo karibu na sifuri kinachouzuia mshale usirudi nyuma zaidi. Kipini hicho hudanganya: mshale unaweza kuwa umekiegemea kwa nguvu huku sifuri yake halisi ikiwa chini sana, au umepindwa ili tu uonekane umekaa sawa.

Pete ya mbele huwa ya kuzungusha au ya kusukumiza. Ikiwa imeganda, tia oili ya kupenyeza kutu, iache usiku kucha, kisha izungushe ukiwa umeishika kwa kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli. Joto la kikausha nywele linatosha kuilegeza. Usilete tochi ya gesi karibu. Lehemu ya mrija iko umbali wa vidole vitatu kutoka hapo.

Mshale umekaa kwenye mhimili wenye ncha iliyochongoka kidogo. Utoe kwa kivuta-mshale, kile chenye miguu miwili na skrubu katikati. Anayeunyanyua kwa bisibisi hupinda mhimili, hukwaruza uso wa geji, na mara nyingi huharibu kispringi pia. Kisha fungua skrubu za uso, mbili au tatu, utoe uso, na uuweke mbali na mikono yenye mafuta.

Sasa amua kama inafaa kuendelea. Kuna mambo matatu ya kutazama:

- Mrija wenye kutu ya kijani iliyokula ndani, hasa kwenye maungio ya ncha mbili, umekwisha.
- Mshale uliokuwa ukisimama mbali juu ya sifuri bila presha unaonyesha kwamba mrija ulivutwa kupita uwezo wake na haukurudi. Usiupinde kuurudisha. Mrija uliokwisha kunyooka namna hiyo hauaminiki tena, hata ukiufanya usome sawa leo.
- Meno ya kigia yaliyolika mahali pamoja ni jambo la kawaida, kwa kuwa injini ilitetemeka kwa miaka mingi kwenye presha ileile. Kama ubovu uko kwenye kigia tu, kitoe na kukirudisha kikiwa kimezungushwa, ili meno mabovu yaangukie sehemu ya kipimo usiyoitumia. Gia ya upinde ikilika, tafuta nyingine.

Geji iliyoshindwa katika jambo la kwanza au la pili ni ya ukutani, na hakuna aibu katika hilo. Funga geji mpya yenye cheti kwenye injini, ya zamani ing'arishe uitundike. Hata geji ya zamani iliyofaulu vipimo vyote, sisi huona ni busara kuwa na mpya ya pili mahali fulani kwenye bomba lilelile, hata ikiwa imefichwa nyuma ya bamba.

Kusafisha

Shina huwa limejaa matope na ukoko wa chokaa. Mrija una mdomo mmoja tu, kwa hiyo maji hayapiti kutoka upande hadi upande. Funga sirinji kubwa kwenye shina, vuta hewa itoke, kisha acha maji ya uvuguvugu yaingie kujaza nafasi iliyoachwa. Tikisa, vuta, mwaga. Rudia mpaka maji yatoke meupe. Mara ishirini si nyingi. Siki na tindikali nyingine zisiingie humo. Zitaondoa ukoko, lakini zitaila shaba nyembamba pia, na hutaona zilipoila.

Gia na mihimili ioshe kwa mafuta ya taa kwa mswaki laini. Matundu ya mihimili yasafishe kwa kijiti cha meno kilichochongwa, ukikizungusha mpaka kitoke bila weusi. Kispringi kisiguswe na mswaki. Kichovye katika spiriti safi na kukiacha kikauke. Kikikaa mahali pake, mizunguko yake isigusane na iwe na nafasi sawa pande zote. Kikiwa na mafuta, mizunguko hushikana na mshale huruka. Oili ya saa, tone dogo kuliko kichwa cha pini, iende kwenye mihimili tu. Meno yabaki makavu, kwa sababu oili kwenye meno hukusanya vumbi la makaa likawa msasa.

Kisha jaribu mrija kabla ya kurudisha uso. Ujaze maji, uunganishe na pampu ya mkono ya majaribio, upandishe mpaka presha ya kazi, yaani 100, uache dakika kumi. Futa maungio kwa karatasi ya shashi. Shashi ikilowa, lehemu imepasuka.

Uso wa geji

Uso wa shaba uliopakwa fedha usiusugue kwa brasso. Hiyo tabaka ya fedha ni nyembamba mno, na dakika moja ya kusugua huimaliza. Kama alama zinasomeka, uoshe kwa maji na sabuni laini uishie hapo. Madoa ya miaka mia moja hayadhuru kipimo.

Ukiwa umeharibika kweli, na maandishi yamechongwa ndani ya shaba badala ya kuchapwa juu yake, unaweza kuufanya upya. Upashe joto kutoka chini, sugua kipande cha lakiri nyeusi juu ya maandishi mpaka kijaze mitaro, uache upoe, kisha usawazishe kwa msasa wa maji namba 400 juu ya kioo bapa, halafu 600, ukizungusha kwa duara au ukivuta upande mmoja tu. Changanya sehemu moja ya kloridi ya fedha, mbili za kirimu ya tata ya waokaji (cream of tartar), na tatu za chumvi safi isiyo na madini joto, zote kwa uzito. Lowesha kitambaa safi, chovya, sugua uso wote. Shaba itageuka kijivu, kisha nyeupe. Osha kwa maji mengi, sugua tena kwa kirimu ya tata peke yake, osha, kausha, na paka vanishi nyembamba siku hiyohiyo. Vaa glovu, kwa kuwa kloridi ya fedha huacha madoa meusi kwenye ngozi.

Mstari mwekundu wa presha ya kazi uchore kwenye uso wenyewe. Wengi huuchora kwenye kioo kwa kuwa ni rahisi. Kioo huzunguka pete inapokazwa, na mstari wa 100 unahamia 120 bila mtu kujua.

Kuipima

Unahitaji pampu ya majaribio yenye midomo miwili na geji ya kulinganishia iliyopimwa karibuni. Chombo cha mizani ya uzito juu ya pistoni ni bora zaidi, ukipata karakana ya vipimo inayokikodisha. Simamisha geji wima, kama itakavyokaa kwenye injini. Ikilala chali, uzito wa mshale hubadilisha usomaji.

Panda kwa hatua: 0, 25, 50, 75, 100, 125, 150. Kila hatua gonga geji kwa ncha ya kidole kabla ya kusoma, andika, kisha shuka kwa hatua hizohizo. Usivuke 150 kwa geji ya kale hata kama uso wake unafika 200. Ukimaliza, makosa yenyewe yatakuambia pa kurekebisha.

Geji ikisoma 4 zaidi kila mahali, toka 0 hadi 150, kosa ni la mshale. Utoe, uuweke upya ukiwa na presha ya 100 kwenye pampu, si kwenye sifuri. Sifuri ndiyo namba usiyoihitaji sana.

Ikisoma 52 kwa 50, 104 kwa 100 na 156 kwa 150, kosa linakua pamoja na presha. Angalia mkia wa gia ya upinde: pini ya kiungo imekaa kwenye mtaro mdogo. Legeza, uisogeze mbali zaidi na mhimili wa gia, na mwendo wa mshale utapungua. Ikiwa inasoma pungufu inayokua, isogeze karibu na mhimili. Nusu milimita ni nyingi. Baada ya kila marekebisho, upime tena wote toka mwanzo.

Ikisoma sawa mwanzo na mwisho lakini katikati imekosea kwa 5, pembe kati ya kiungo na mkia wa gia si sahihi. Mshale ukiwa katikati ya kipimo, pembe hiyo iwe mraba. Hapa ndipo subira ya fundi hupimwa, kwa sababu ukirekebisha pembe, yale mawili ya kwanza huharibika.

Na ikiwa kupanda na kushuka vinatofautiana zaidi ya paundi 3 hata baada ya kusafisha, kuna msuguano ambao hukuuondoa au mrija umechoka. Mrija uliochoka hautibiki.

Sisi hukubali kosa lisilozidi paundi 3 kwenye uso wa 200, kwa sharti moja: kwenye mstari mwekundu geji isisome pungufu kamwe. Ikikosea hapo, ikosee kwa kuzidisha.

Unapoifunga, jaza kitanzi maji kwanza kwa mkono. Kumbuka pia kwamba safu ya maji yenyewe ina uzito: geji iliyo sentimita 70 chini ya tundu la boila itasoma paundi 1 zaidi. Chini ya geji weka koki, na kando yake mdomo wa mkaguzi, ambao kwa injini za Uingereza kwa kawaida ni wa nyuzi za inchi 3/8 BSP (kipimo cha Uingereza cha nyuzi za bomba), ili aunganishe geji yake bila kuifungua yako.

Kioo cha maji

Geji ya maji ni bomba la kioo lililosimama kati ya koki mbili: ya juu inaingia kwenye mvuke, ya chini kwenye maji. Chini kabisa kuna koki ya tatu ya kumwagia. Kwa injini nyingi za Uingereza, mikono yote mitatu ikielekea chini, geji iko kazini: mbili za boila ziko wazi, ya kumwagia imefungwa. Fundi bomba aliyezoea mkono unaofuata bomba kuwa ndio wazi atazisoma kinyume. Zilipangwa hivyo kwa sababu mtetemo huushusha mkono uliolegea, nao ukishuka unabaki mahali salama.

Zifungue koki, toa vishina, na usafishe njia zote kwa keekee ya mkononi mpaka uone mwanga hadi ndani ya boila. Vishina vikivuja, visage na viti vyake kwa unga laini wa kusagia valvu, kidogo sana; kishina cha koki kina mchongoko, na kila ukisaga kinazama.

Kabla ya kuweka kioo, pitisha fimbo ya chuma iliyonyooka yenye kipenyo cha kioo hichohicho kupitia nati zote mbili. Ipite bila kulazimishwa. Ikikwama, koki hazijakaa kwenye mstari mmoja, na kioo utakachoweka kitapasuka, kama si leo basi siku ya kwanza ya moto mkali. Sogeza koki, usikilazimishe kioo.

Urefu wa kioo ndio unaokosewa zaidi. Kikiwa kirefu mno kitagonga kingo kikipanuka, nacho kitavunjika. Kikiwa kifupi mno, na hili ni baya zaidi kwa kuwa halina kelele, pete ya mpira itabanwa, itavimba na kujikunja juu ya mdomo wa kioo, na kuziba tundu. Kioo kitabaki kizima, safi, kikionyesha maji ambayo hayapo. Acha nafasi ya milimita 1.5 kila ncha, na ncha zote mbili zivuke pete zake kwa milimita 5 au zaidi. Tumia kioo cha borosilikati kilichotengenezwa kwa boila na pete za mpira wa mvuke, si za bomba la maji ya kawaida. Ncha ulizokata zilainishe kwa jiwe la kunolea lililolowa. Kaza nati kwa vidole, kisha robo ya mzunguko kwa spana. Ikivuja, zima, acha ipoe, ndipo ukaze. Kinga ya kioo kigumu irudishwe kila mara kabla ya moto kuwashwa.

Kisha hakikisha kioo kinasema kweli kuhusu paa la sanduku la moto. Simamisha injini mahali tambarare, boila tupu, uchukue ule mrija wa plastiki wa maji wanaotumia waashi kupima levo. Mwisho mmoja uweke ndani ya sanduku la moto usawa wa paa, ukiongeza unene wa bamba. Mwingine kando ya kioo. Maji yanapokuwa chini kabisa ya kioo, paa liwe bado limefunikwa. Weka alama ya paa kwenye bamba la nyuma ya kioo. Injini ikisimama mlimani, alama hiyo haina maana tena: kwa boila ya urefu wa mita 2, mteremko wa sentimita 5 kwa mita hutofautisha kimo cha maji kwa sentimita 10 kati ya mwisho na mwisho.

Kupuliza kioo

Kila siku kabla ya kazi, na kila unaposhuku:

1. Funga koki ya mvuke na ya maji, fungua ya kumwagia. Kioo kitamwagika, kisha kitulie. Kikiendelea kutoa, mojawapo ya koki za boila haifungi.
2. Fungua ya maji peke yake. Maji yatoke kwa nguvu. Ifunge.
3. Fungua ya mvuke peke yake. Mvuke utoke kwa nguvu. Ifunge.
4. Funga ya kumwagia.
5. Fungua ya maji. Kioo kitajaa hadi juu.
6. Fungua ya mvuke. Maji yatashuka mara moja hadi kimo chake cha kweli na kuchezacheza kidogo.

Maji yasiyochezacheza injini ikienda ni dalili mbaya. Njia ya juu ikiziba, mvuke ulio ndani ya kioo hupoa ukawa maji, na kioo husoma juu kuliko ukweli. Njia ya chini ikiziba, maji hukaa palepale huku boila ikikauka. Makosa yote mawili hukudanganya upande uleule, wa kukuambia maji yapo.

Jaribio la maji na moto wa kwanza

Mkaguzi apime unene wa bamba na mirija kwanza, naye ndiye wa kuamua presha ya jaribio. Mara moja na nusu ya presha ya kazi ndiyo kawaida, yaani 150 kwetu. Weka plagi ya risasi mpya. Ondoa valvu ya usalama na uzibe mahali pake kwa bamba. Usikaze springi yake ili inyamaze. Jaza maji mpaka yatoke kwenye tundu la juu kabisa, kwa kuwa hewa iliyobaki hujibana na kuhifadhi nguvu, na boila ikipasuka ikiwa na hewa hurusha vipande. Ikipasuka ikiwa imejaa maji tupu, hulowesha sakafu.

Kwa moto wa kwanza, jaza maji hadi theluthi moja tu ya kioo. Maji yakifika nyuzi 170 huvimba kwa karibu asilimia 11, na ukianza na nusu utaishia na boila inayotapika maji kwenye silinda. Acha tundu la juu wazi mpaka mvuke uitoe hewa yote. Moto uwe mdogo, kuni chache, na saa tatu au nne kabla ya mshale kusogea si nyingi: bamba la sanduku la moto hupata joto kabla ya ganda la nje, na haraka huvunja boliti zinazoyashikamanisha. Kwenye paundi 20, puliza kioo kwa mara ya kwanza. Hakikisha njia zote mbili za kuingiza maji, pampu na injekta (kifaa kinachosukuma maji kwa nguvu ya mvuke), zinafanya kazi kabla hujapanda zaidi. Valvu ya usalama ifunguke kwenye 100, na moto ukiwa mkali kabisa huku injini imesimama, mshale usipande zaidi ya 110.

Kabla ya kuzungusha flaiwili, fungua koki za kumwagia maji za silinda na uingize mvuke kidogokidogo. Maji hayabaniki, pistoni ikiyakuta yamejaa mbele yake, kifuniko cha silinda ndicho kitakachopasuka. Oili iwe ile nzito ya silinda za mvuke. Oili ya gari huoshwa na mvuke ikatoka.

Maji yakitoweka chini ya kioo na huna hakika yalitoweka lini, usiingize maji. Bamba lililoiva kwa moto likipokea maji ya baridi hupasuka, na lita 300 za maji ya nyuzi 170 zikifunguliwa ghafla hutoa takriban mita za ujazo 60 za mvuke. Funga milango ya hewa, funika moto kwa majivu yaliyoloweshwa au udongo wenye unyevu, ondoa watu, acha ipoe yenyewe. Mwendeshaji wa Garratt ya mafuta mazito alikuwa na koki moja ya kufunga na moto ukafa. Anayechoma kuni hana koki hiyo, kwa hiyo ndoo ya udongo wenye unyevu ikae kando ya injini kila siku.

Kuzima

Mwisho wa siku, jaza maji hadi robo tatu ya kioo, acha moto ufe, funga milango ya hewa. Mshale ukishuka karibu na paundi 5, fungua tundu la juu. Ukilisahau, mvuke uliobaki utapoa usiku na kuacha boila ikivuta hewa kwa ndani. Mvutano huo utaukandamiza mshale kwenye kipini cha sifuri hadi upinde, na asubuhi utakuwa na geji nyingine, si ile uliyoipima.